Pombe ya Jana, Safari ya Leo: Ini, Saa na Dereva wa Msamvu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam husafiri kilometa zipatazo 190 kabla ya kufika Msamvu, mjini Morogoro, na hapo hugawanyika. Tawi moja hushika njia ya Dodoma na kuendelea hadi mikoa ya Ziwa, Rwanda na Burundi. Tawi la pili hupita Mikumi, Iringa na Mbeya, likaifikia Zambia, Malawi na Kongo. Upande wa kusini, juu ya mapaa ya mji, imesimama milima ya Uluguru, ambako magari ya mboga na matunda huteremka usiku ili yawahi masoko ya alfajiri. Kwa sababu hiyo Msamvu si kituo cha mabasi tu. Ni mahali ambapo mamia ya watu walioajiriwa kuendesha magari hula, hupumzika, hungoja mzigo, hulala, na baadhi yao hunywa.

Mtu apitaye hapo alfajiri huweza kumkuta dereva ameinamia bakuli la supu ya mbuzi na chapati. Ameoga, amebadili shati, macho yake si mekundu, na maneno yake yananyooka. Jana jioni alikunywa na wenzake, lakini baadaye alilala usingizi mzito. Akiulizwa kama amelewa atacheka, na wala hatakuwa anasema uongo kwa kadiri anavyojihisi. Hata hivyo kujihisi ni jambo moja, na kiasi cha alkoholi kilichomo katika damu ni jambo lingine. Tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayowahusu madereva wa kazi kuliko watu wengine wote, kwa kuwa saa yao ya kuondoka haichaguliwi na wao.

Tarehe 10 Agosti, 2019, karibu na Msamvu, lori la mafuta lilipinduka dereva wake alipojaribu kumkwepa mwendesha pikipiki. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ajali hiyo haitajwi hapa kama mfano wa ulevi. Inatajwa kwa sababu inaonyesha thamani ya sekunde moja katika barabara kama hii. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria kwa magari makubwa, hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari lake litakuwa limekwenda mita 11 zaidi kabla breki hazijaanza hata kushika.

SAFARI YA ALKOHOLI MWILINI

Alkoholi ni kitu chepesi kinachochanganyika na maji kwa urahisi, wala haihitaji kusagwa na tumbo kama ugali au nyama. Sehemu ndogo yake hupenya katika kuta za tumbo, na sehemu kubwa hupenya katika utumbo mwembamba na kuingia moja kwa moja katika damu. Mtu aliyeshiba hulewa polepole kuliko aliye na njaa, kwa kuwa chakula huizuia pombe isiteremke upesi utumboni. Lakini chakula huchelewesha zaidi kuliko kinavyoondoa, na chakula kinacholiwa asubuhi, wakati pombe imekwisha kuingia katika damu zamani, hakina la kuchelewesha.

Damu huisambaza alkoholi katika maji yote ya mwili, ubongo ukiwemo. Katika ubongo haianzi kuathiri miguu, kama watu wadhanivyo kwa kumtazama mlevi anayepepesuka. Huanza na sehemu zinazohusika na hukumu na tahadhari. Mtu hujiamini kupita kiasi, hushindwa kugawa mawazo yake kati ya mambo mawili, na macho yake huchelewa kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Dereva wa basi anayepishana na lori kwenye kona, huku akimwangalia mtembea kwa miguu ukingoni mwa barabara, anafanya kazi ileile ambayo pombe huiharibu mwanzo kabisa.

Kazi ya kuiondoa alkoholi hufanywa karibu yote na ini. Vimeng'enya vya ini huivunja hatua kwa hatua mpaka ibaki maji na hewa ya kaboni. Sehemu ndogo tu hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho. Kinachostaajabisha ni kwamba ini haliongezi kasi kwa sababu kazi imekuwa nyingi. Kwa mtu wa kawaida kiasi cha alkoholi katika damu hupungua kwa miligramu zipatazo 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Wengine hupunguza 10 tu, wengine 20. Kahawa nzito, maji baridi kichwani, ndimu, supu ya pilipili, kutembea upepeni, vyote hivyo huweza kumchangamsha mtu, lakini hakuna hata kimoja kinacholiharakisha ini. Usingizi nao ni hivyo hivyo. Huondoa uchovu, lakini ini hufanya kazi kwa kasi ileile iwe mtu amelala au yu macho.

HESABU YA USIKU MMOJA

Mtaalamu Erik Widmark wa Sweden alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 namna ya kukadiria alkoholi iliyomo katika damu. Gramu za alkoholi zilizonywewa hugawanywa kwa uzito wa mwili uliopunguzwa kwa kiwango maalumu, yapata 0.7 kwa mwanamume na 0.6 kwa mwanamke, kwa sababu mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache zaidi kwa uzito uleule. Hesabu hiyo si kipimo cha mahakama. Ni makadirio, lakini yanatosha kabisa kwa msimamizi wa magari anayetaka kujua amwambie nini dereva wake.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu zipatazo 20 za alkoholi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja huweza kuleta miligramu zipatazo 40 katika mililita 100 za damu. Basi na achukuliwe dereva wa kilo 70 aliyewasili Msamvu jioni, akaanza kunywa saa 1 usiku, akamaliza chupa 5 ifikapo saa 5, kisha akaenda kulala. Kwa jumla amejiwekea miligramu 200, na ini limekwisha kuondoa 60 katika saa zile 4 za kunywa. Anapopanda kitandani bado ana 140. Saa 10 alfajiri, wakati utingo anapomgongea mlango, ana 65. Saa 12, basi linapoondoka kituoni, ana 35. Damu yake haitakuwa safi mpaka saa 2 na dakika 20 asubuhi. Ikiwa anaelekea Iringa, wakati huo amekwisha kupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga, nyati na tembo huvuka barabara bila kumngoja mtu.

Huyo ni mtu wa kawaida mwenye ini la kawaida. Kama ini lake ni la wale waondoao miligramu 10 tu kwa saa, basi saa 12 asubuhi bado ana 90. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80. Yaani mtu huyo, aliyelala, aliyeoga na kunywa supu, anavunja sheria kabla hajatoka nje ya lango. Na kama uzito wake ni kilo 60 badala ya 70, hata akiwa na ini la kawaida, saa hiyohiyo atakuwa karibu na kikomo.

Yafaa ieleweke pia kwamba kikomo cha sheria si mpaka kati ya usalama na hatari. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika mji wa Grand Rapids, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1964 na Robert Borkenstein na wenzake, uliwalinganisha madereva waliopata ajali na wale waliopita mahali palepale salama. Ulionyesha kuwa hatari hupanda kwa kasi kadiri alkoholi izidivyo, na baada ya miligramu 80 hupanda mno. Uchunguzi uliofuata umeonyesha udhaifu wa kuendesha hata chini ya miligramu 50. Ndiyo maana mwaka 2001 Tume ya Ulaya ilizishauri nchi wanachama ziweke kikomo cha miligramu 20 tu kwa madereva wa magari makubwa na ya mizigo ya hatari. Nchini Marekani rubani haruhusiwi kuongoza ndege kabla ya kupita muda wa saa 8 tangu alipokunywa mara ya mwisho, na hata muda huo, kama hesabu ya dereva wa chupa 5 inavyoonyesha, hautoshi kwa aliyekunywa sana.

Jambo linalowapotosha wengi ni mazoea. Mnywaji wa siku nyingi huzoea hata asionekane amelewa. Hapepesuki wala hababaiki kwa maneno, na tajiri wake husema kwa fahari kwamba fulani hata akinywa kreti zima huendesha vizuri kuliko wengine. Ukweli ni kwamba mazoea huyaficha zaidi yale yaonekanayo na watu, mwendo na usemi, kuliko yale yanayohitajika barabarani jambo la ghafla linapotokea. Na yule anayeamka na kichwa kizito akachukua glasi moja "ya kuzimua" huwa anaongeza deni kabla hajalipa la jana.

KIASI KISICHOJULIKANA

Hesabu ya bia ni rahisi kwa sababu nguvu ya bia huandikwa kwenye chupa. Katika njia zitokazo Msamvu vipo vinywaji visivyoandikwa chochote: komoni ya mahindi, kangara, na mbele zaidi Iringa, ulanzi unaogemwa kwenye mianzi. Ulanzi hauna nguvu moja. Hamira za asili huendelea kuigeuza sukari yake kuwa alkoholi saa baada ya saa, hata ulanzi mtamu wa asubuhi ukawa kinywaji kingine kabisa ifikapo jioni. Dereva anayesema amekunywa "lita moja tu" hajasema lolote ambalo mtaalamu anaweza kulifanyia hesabu. Gongo, ambayo ni haramu kisheria, ni fumbo kubwa zaidi, kwa maana kila mpishi ana nguvu yake.

Kwa miaka kadhaa tatizo hilo lilikuja katika umbo dogo lililoenea mno, yaani viroba. Kiroba cha mililita 100 chenye nguvu ya asilimia 35 kilikuwa na gramu zipatazo 28 za alkoholi, zaidi ya chupa nzima ya bia, nacho kiliingia katika mfuko wa shati. Kiliuzwa vituoni pamoja na karanga na maji, na kumalizwa kwa funda chache bila gari kusimama. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, 2017. Marufuku hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa usalama barabarani kuliko ilivyozungumzwa wakati ule, kwa sababu iliondoa pombe iliyoweza kunyweka kwa siri katika kiti cha dereva. Pombe kali yenyewe haikutoweka, ilibaki katika chupa.

Upande wa Uluguru upo udhuru wa aina yake. Magari yanayopakia mboga Mgeta hupakia jioni na usiku, na huko juu baridi ni kali na ukungu hufunga njia. Madereva na wapakiaji husema pombe kidogo hupasha mwili. Hisia hiyo ni ya kweli, lakini maana yake ni kinyume. Alkoholi huitanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, damu yenye joto ikafurika huko, na mtu akahisi moto usoni na mikononi. Joto hilo ndilo linalotoka nje ya mwili. Baada ya muda dereva huwa amepoa zaidi kuliko asiyekunywa, naye bado ana kona zote za kuteremka hadi barabara kuu akiwa na breki zilizobeba tani kadhaa za viazi na kabichi. Koti zito na chai ya tangawizi vingemfaa zaidi.

MAJANI, VIDONGE NA USINGIZI

Si pombe pekee inayompanda dereva kichwani. Mirungi hutafunwa na watu wa safari ndefu kwa imani kwamba huwaondolea usingizi. Majani hayo yana kemikali iitwayo kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini, nayo huharibika majani yanaponyauka, ndiyo sababu wachuuzi huyafunga katika majani ya mgomba na kuyakimbiza yangali mabichi. Nchini Tanzania mirungi imepigwa marufuku chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, ingawa Kenya huuzwa hadharani kwa jina la miraa, na dereva wa nchi hiyo huweza kujikuta mkosaji mara tu anapovuka mpaka. Kwa upande wa sayansi, kathinoni haiondoi uchovu. Huuficha. Mwili unaendelea kudai usingizi wake, na dawa inapokwisha nguvu, usingizi hurudi ghafla, mara nyingi katika saa zile za alfajiri ambapo mwili hulegea wenyewe hata bila dawa.

Uchovu wenyewe unastahili kuhesabiwa pamoja na vileo. Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye miligramu 50 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Mwajiri anayempima dereva pumzi yake, kisha akamtuma safari ya usiku baada ya kushinda mchana kutwa akisimamia upakiaji, amempima nusu tu.

Vidonge vya kawaida navyo husahauliwa. Dawa ya mafua ya klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, huleta usingizi, na hali huwa mbaya zaidi ikichanganywa na pombe. Hali kadhalika diazepamu na baadhi ya dawa kali za maumivu. Dereva anayezimeza hajafanya kosa lolote la tabia. Anaumwa. Lakini asipoulizwa hatasema, na akihisi kwamba kusema kutamkosesha safari na posho yake, atanyamaza zaidi.

Bangi huleta swali gumu zaidi kwa waajiri. Kemikali yake kuu hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Kipimo cha mkojo kinachotumika mahali pengi hakitafuti kemikali hiyo yenyewe bali masalia yake, na kwa mtu anayevuta kila siku masalia hayo huweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Basi kipimo cha mkojo chaweza kuthibitisha kuwa mtu alivuta, lakini hakiwezi kusema kama asubuhi ya leo, akiwa kwenye usukani, ubongo wake umeathirika. Pumzi yenye alkoholi hutoa habari za saa hii, ilhali mkojo wenye masalia ya bangi hutoa habari za siku zilizopita. Mwajiri anayevichukulia vipimo hivyo viwili kuwa sawa ataamua visivyo.

KUPULIZA LANGONI

Kipima ulevi hutegemea kanuni rahisi. Damu inayopita katika mapafu huiachia hewa sehemu ndogo ya alkoholi yake kwa uwiano unaojulikana. Kwa makadirio yatumikayo sana, mililita 2,100 za hewa itokayo ndani kabisa ya mapafu zina alkoholi sawa na iliyomo katika mililita moja ya damu. Chombo alichokitengeneza Borkenstein mwaka 1954 kiliipitisha pumzi katika kemikali ya rangi ya manjano iliyogeuka kijani kwa kadiri ya alkoholi iliyokutana nayo. Vingi vya vipimo vidogo vya leo vina seli inayoiunguza alkoholi kwa njia ya kemia na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme, nao mkondo huo ndio unaopimwa.

Chombo hicho kina masharti yake. Mtu aliyesukutua mdomo muda huohuo kwa dawa yenye alkoholi ataonekana amelewa kupita kiasi, kwa hiyo kipimo cha kwanza kikionyesha pombe ni lazima kingojewe dakika 15 na kurudiwa. Chombo kinahitaji kusawazishwa kila baada ya muda ulioagizwa na mtengenezaji. Chombo kisichosawazishwa huweza kumwachia aliyelewa na kumfukuzisha kazi asiye na kosa, na madereva wakishaona jambo la pili limetokea mara moja hawatakiamini tena.

Askari wa usalama barabarani huwapima madereva vituoni, hasa zinapokaribia sikukuu za mwisho wa mwaka. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini kwa asili yake humfikia dereva akiwa amekwisha kukabidhiwa gari na abiria wameketi. Mahali panapofaa zaidi ni nyuma ya hapo, kwenye ofisi au lango ambako ufunguo hutolewa. Migodi mikubwa na baadhi ya wasafirishaji wa mafuta wamekwisha kuzoea utaratibu huo, na kwa wafanyakazi wao kupuliza ni jambo la kawaida kama kutia sahihi katika daftari.

Kwingineko utaratibu huu huanguka kwa sababu isiyo ya kisayansi. Msimamizi wa magari aghalabu ni kijana, na dereva ni mtu mzima wa umri wa baba yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba upulize hapa kabla sijakupa ufunguo."

"Marahaba. Nimelala usiku kucha, mwanangu. Wewe unaniona mlevi?"

Kijana atarudisha mkono wake, naye ufunguo atautoa. Si haki kumlaumu kwa kukosa ujasiri, kwa maana ameachiwa peke yake jukumu la kumtuhumu mtu mzima. Kipimo kikiwa ni cha kila mtu na kila siku, akiwemo meneja anayeendesha gari dogo la ofisi na mwenye kampuni siku anayoshika usukani, tuhuma hutoweka, na mzee hupuliza bila kuona kwamba ameshushiwa heshima yake.

MAMBO YALIYO MIKONONI MWA MWAJIRI

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na watu wengine na hatari zinazotokana na kazi. Kwa dereva mahali pa kazi ni barabara. Hata hivyo waajiri wengi hulichukua suala la pombe kuwa ni la tabia ya mtu, likitatuliwa kwa onyo na kufukuza. Hesabu ya ini inaonyesha kuwa sehemu kubwa ya suala hilo ni ratiba.

Yuko dereva wa lori aliyeambiwa mzigo wake hautakuwa tayari mpaka kesho kutwa. Jioni anakunywa chupa 3, jambo ambalo sheria haimkatazi. Saa 4 usiku simu inalia. Mzigo umepatikana, aondoke saa 9. Akisema amekunywa, safari itapewa mwingine pamoja na posho yake, na jina lake litaandikwa. Akinyamaza, atapata posho. Katika ajira ambayo kipato hutegemea idadi ya safari kuliko mshahara, mwajiri ameupanga ukimya huo mwenyewe, hata kama ukutani ameandika kwa herufi kubwa kwamba pombe ni marufuku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Sharti hilo limewekwa kwa ajili ya uchovu, lakini linafaa mno kwa suala hili. Dereva anayejua tangu mchana kuwa ataondoka saa 12 asubuhi ana nafasi ya kuamua kabla ya chupa ya kwanza. Anayejulishwa usiku hana. Kwa hiyo kampuni ambayo hutangaza ratiba mapema, na haimwiti mtu aliyeambiwa amepumzika, imekwisha kufanya zaidi ya nusu ya kazi kabla haijanunua kifaa chochote.

Hatua ya pili ni kumpa dereva haki ya kusema "nimekunywa" kabla hajakabidhiwa gari, bila kukatwa mshahara wala kuandikwa kuwa mkosaji. Wenye magari huogopa kwamba haki hiyo itatumiwa vibaya, na hofu yao si ya bure. Lakini anayesema hivyo mara moja kwa mwaka amezuia ajali, na anayesema hivyo kila wiki amejitambulisha mwenyewe kuwa anahitaji daktari, jambo ambalo pengine lisingegundulika mpaka siku ya msiba. Utegemezi wa pombe ni ugonjwa, na mtu aliyezama nao huweza kutetemeka na hata kupata degedege akiacha ghafla bila uangalizi. Kumwambia tu "acha pombe kuanzia leo" ni kumtuma njia yenye hatari nyingine.

Kwa yule anayekutwa amekunywa langoni bila kusema, adhabu iwepo, nayo iandikwe mapema na kukubaliwa na wawakilishi wa wafanyakazi, ili isipungue kwa dereva kipenzi na kuzidi kwa mgeni. Na gari lisiondoke. Ikiwa hakuna dereva wa akiba, kila mtu ofisini atajikuta anatafuta sababu ya kuyaamini maneno ya yule aliyepo.

Mabasi yana tatizo lao. Safari inayozidi muda wa saa 8 hutakiwa kuwa na madereva wawili, na tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, dereva wa pili amekuwa na umuhimu mkubwa zaidi. Lakini huyo wa pili, akiwa ameketi nyuma katika nusu ya kwanza ya safari, huweza kujiona abiria, na kituo cha chakula kikampatia anachokitaka. Kwa kanuni ya kazi yuko kazini tangu basi linapoondoka, na apulize pamoja na mwenzake mwanzoni na tena wanapopokezana usukani.

Linabaki suala la deiwaka, dereva wa kibarua anayeshikishwa gari kwa siku moja mwenye gari anapokuwa amechoka au anaumwa. Huyu hayumo katika daftari la kampuni yoyote, hajui ratiba, na hakuna ajuaye alilala wapi. Magari mengi ya mboga ya Uluguru ni ya namna hiyo, mali ya mtu mmoja mwenye gari moja, asiye na ofisi wala lango wala msimamizi. Kumtaka kila mmoja wao anunue kipima ulevi na kukisawazisha kwa wakati ni ndoto. Lakini magari hayo hayapakii kila moja mahali pake. Hukusanyika kwenye masoko machache, kama lile la Nyandira huko Mgeta, nayo huondoka katika saa zinazokaribiana. Kifaa kimoja, kikitunzwa na uongozi wa soko au chama cha wakulima wenye mzigo, chaweza kuwahudumia madereva wote wa usiku mmoja, mradi mrija wa mdomoni ubadilishwe kwa kila anayepuliza na matokeo yaandikwe katika daftari lilelile linaloandikwa idadi ya magunia.